Mjane wa Mtu Aliye Hai

Nakijwa alikuwa amefiwa na mume mara mbili, mume yuleyule, na mume mwenyewe alikuwa hai wodini akilalamika kwamba makande ya hospitali hayana chumvi.

Ukiisikia habari hii juujuu utacheka, na watu wa Upareni hucheka kwanza ndipo waulize. Nakijwa hakuwa na la kucheka. Mara zote mbili alikuwa ameushika mkono wa Semvua mpaka ukapoa, akalia kilio cha mjane, kilio cha kweli kabisa, kisha akavuliwa kofia ya mashine, akanawa uso kwenye sinki la korido na kumpelekea Semvua chai. Mara ya pili Semvua alimtazama macho yalivyovimba, akamwuliza nani kafa. Nakijwa akajibu kwamba ni vumbi la Hedaru.

Vumbi lilikuwepo kweli. Kituo cha Ubongo kilijengwa kando ya barabara kuu, palipokuwa na mkonge enzi za mababu, na watani zao Wachaga walisema Wapare wamepewa kituo cha vichwa kwa sababu vichwa vyao vimechakaa kwa kesi.

Yote yalianza na harufu. Semvua alikuwa mgawa maji wa ndiva ya kijijini kwao Mamba, lile bwawa la mlimani ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu kwenda kwenye mashamba ya tangawizi. Siku moja akaanza kusikia harufu ya maharage yanayoungua mahali pasipo na jiko. Alimgombeza mkewe kwa maharage ambayo hata hayajabandikwa, na Nakijwa naye akamjibu ipasavyo, maana hakuwa mwanamke wa kuonewa. Baadaye akaanguka ukingoni mwa ndiva akitupa mikono na miguu. Watu wakasema kifafa, wengine wakasema ni mizimu ya upande wa mama yake. Mashine za Hedaru zilisema ni uvimbe.

"Uvimbe wa ubongo si wa aina moja, mama," Daktari Aikande alimwambia siku ya kwanza wakipita wodini. Alikuwa Mchaga wa Machame, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na alikuwa na desturi ya kuwaonyesha ndugu wa mgonjwa wagonjwa wengine walioridhia, ili waelewe. "Yule mama wa Gonja ana uvimbe wa utando. Umeota kwenye ngozi inayofunika ubongo. Unausukuma ubongo lakini hauingii ndani. Tutauchuna kesho, na kidonda kikipona anakwenda zake. Yule kijana wa dirishani, wake umehamia. Ulianzia kwenye pafu ukapanda na damu, kwa hiyo tunatibu pafu na kichwa pamoja. Yule mwalimu, wake ni wa ubongo wenyewe, ila ni daraja la pili, unakwenda polepole. Anaweza kuishi nao miaka mingi tu tukimwangalia."

"Na wa Baba Namkunda?"

"Ni wa ubongo wenyewe. Unaitwa glioblastoma. Daraja la nne."

"Kwani madaraja yako mangapi?"

"Manne."

Nakijwa alikuwa amelima tangawizi tangu usichana wake. Akauliza kama ni mambo ya sangari, yale majani ambayo unang'oa unayoyaona huku mizizi imeshahamia kwa jirani. Daktari akasema ni hivyo hasa. Upasuaji hutoa kinachoonekana, mionzi na vidonge hupunguza kilichobaki, na hata hivyo hurudi. Wengi hupata mwaka na miezi kadhaa, wachache sana hufika miaka mitano, na asiyetibiwa kabisa hupata miezi tu. Daktari alisema hayo bila kuzungukazunguka, na Nakijwa alimshukuru na kumchukia papo hapo.

Hapo ndipo pacha alipoingia. Dawa zilikuwa nyingi kuliko zamani, lakini dawa inayoukamata uvimbe wa huyu haiukamati wa yule, na mwenye daraja la nne hana muda wa kujaribu hii na ile. Kwa hiyo walimvika Semvua kofia ya kusoma ubongo, wakatengeneza Semvua mwingine ndani ya mashine, mwenye uvimbe uleule, kumbukumbu zilezile na ubishi uleule. Huyo ndiye waliyemtibu kwanza. Muda wake walikuwa wakiuharakisha, asubuhi moja ya Hedaru ikawa mwezi mzima kwake, na walimfuata mpaka mwisho wake ili waone dawa imemfikisha wapi.

Pacha hakuweza kulazwa usingizi, maana uvimbe hukua kwa namna nyingine kwenye ubongo usiofikiri. Ilibidi aamke, aongee, aogope, ale, aote ndoto. Tena ilibidi asijue. Pacha akijua yeye ni pacha hukata tamaa, na aliyekata tamaa huugua ugonjwa wake mwenyewe ambao haumfundishi daktari kitu. Hivyo kila alipoamka alihitaji sura anayoiamini. Nakijwa alivikwa kofia, muda ukapunguzwa mwendo, akajikuta ameketi kando ya kitanda.

"Ni wewe, Baba Namkunda," ndivyo alivyofundishwa kusema. "Upo Hedaru. Tutatibiwa, turudi nyumbani."

Pacha wa kwanza alimwamini. Wa pili pia. Wa kwanza alipasuliwa, akapigwa mionzi, akanywa vidonge, akapata mwaka na ushei. Wa pili walimpasua kwa upana zaidi wakitafuta mizizi, akaamka hamjui mkewe, akafa akimwita nesi. Na wote wawili, mara ya kwanza walipofumbua macho, walimuuliza Nakijwa kama amekula.

*

Pacha wa tatu aliishi kuliko wenzake. Huyu, baada ya upasuaji na mionzi, alivalishwa kofia ya umeme inayozisumbua seli za uvimbe zisigawanyike, na akapewa chanjo iliyotengenezwa na uvimbe wake mwenyewe. Kule ndani alifika masika ya pili. Mashine ilikuwa imemjengea nyumba yake ya Mamba kutokana na kumbukumbu zake, mpaka ukungu wa asubuhi na bati linalovuja juu ya kabati.

Masika hayo hayakuwa na raha. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa. Vidonge vya kutuliza ubongo usivimbe vilikuwa vimemfurisha uso kama wa mtu mwingine. Kibaya zaidi ni tabia. Semvua aliyekuwa akigawa maji bila kupandisha sauti alikuwa akimtukana mkewe matusi ya kwenye vilabu, na mara moja alimrushia bakuli la uji likampata kwenye shavu. Nakijwa alilisikia lile bakuli. Alipovuliwa kofia shavu lilikuwa zima, akalishika hivyohivyo njia nzima mpaka wodini.

Kisha, siku moja, ukungu wa kichwani ukamtoka. Akageuza macho.

"Mama Namkunda."

"Abee."

"Yule daktari aliposema nitapata mwaka na zaidi, nilifurahi, sivyo?"

"Ulifurahi."

"Sikujua ni mwaka wa namna gani." Akapumua kwa shida. "Nimekupiga, sivyo?"

"Ni ugonjwa, baba. Si wewe."

"Angetokea mtu akaniambia mapema, ningekataa. Ningekwenda nyumbani, nikagawa maji mpaka siku yangu. Lakini nani angeniambia? Aliyeyapitia haya harudi kusimulia."

Nakijwa alitaka kumwambia kwamba anaweza, kwamba yeye ndiye mtu pekee duniani anayeweza kurudi kusimulia. Pumzi ikaanza kukoroma, ule mkoromo aliokuwa ameshausikia mara mbili, na mwili wa Nakijwa ukagoma kuusikia tena.

"Simamisheni!" akapiga kelele. "Simamisheni, jamani, msimmalize!"

Mashine ikasimamishwa. Semvua wa tatu akabaki mdomo wazi, katikati ya pumzi, si mzima wala si maiti.

*

Daktari Aikande alimpa maji na kumkalisha ofisini.

"Mama, nikuambie ukweli. Kila pacha anatuonyesha njia moja isiyopitika. Huyu wa tatu amekwenda mbali. Nikianzisha wengine, nadhani nitapata njia ya miaka miwili, pengine mitatu. Lakini siahidi."

"Wengine wangapi?"

"Wengi."

"Na wanaumia?"

Daktari aliitazama meza. "Sheria inasema pacha ni hesabu. Hesabu haiumii."

"Nimekuuliza wewe, sikuiuliza sheria."

"Sijui, mama. Mimi huwa sikai chumbani wanapokufa."

Basi jambo lilikuwa hilo, na lilikuwa juu ya mabega ya Nakijwa peke yake, maana bila mwenyeji wa kumpokea anapoamka pacha haanzishwi. Akikataa, mumewe atatibiwa kwa kubahatisha. Akikubali, atawadanganya wanaume wengi wanaompenda, mmoja baada ya mwingine, na kuwazika. Tena alikuwa amebeba neno la mtu aliyeyapitia, mtu aliyesema angekataa, wakati Semvua wa wodini alikuwa akimwambia kila mtu kwamba anataka kutibiwa na kwamba masika yajayo yupo kwenye ndiva yake. Neno la nani ni la mumewe? Alilizungusha akilini mpaka kichwa chake mwenyewe kikauma. Kisha akafanya kama wafanyavyo Wapare wote wakikwama. Akaita kikao.

Ukoo ukashuka kutoka mlimani na vyombo vya makande. Mwenye kikao alikuwa Baba mkubwa Sengondo, kaka wa marehemu baba yake Semvua, mzee ambaye aliwahi kufuatilia mgomba mmoja mahakamani miaka na miaka, akashinda siku ambayo mgomba wenyewe ulikuwa umeshaoza. Alimsikiliza Nakijwa mpaka mwisho, akakohoa, akasema neno la marehemu ni wosia, na wosia hauvunjwi.

"Marehemu gani, Baba mkubwa?" akauliza shemeji mmoja. "Tumemzika wapi?"

"Wawili wamekufa."

"Lakini aliyesema hajafa. Amesimamishwa."

Hapo kikao kikachangamka, maana hili lilikuwa suala hasa. Wakalichambua mchana kutwa. Wosia ni wa aliyezikwa, huyu hajazikwa, basi neno lake si wosia. Ila ameyaona yaliyotokea. Basi ni shahidi. Na shahidi, Baba mkubwa Sengondo akagonga meza, hasemewi na mtu. Huja mwenyewe, akasema mbele ya yule anayehusika, uso kwa uso, ndipo kesi ikaamuliwa. Wote wakaitikia. Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza kama shahidi anajua kwamba yeye ni shahidi. Hilo ni kosa ambalo kabila jingine lisingelifanya, na Wapare walilifanya kwa nia njema kabisa.

Daktari Aikande alipinga. Alisema pacha hajawahi kuambiwa, na mgonjwa hajawahi kumsikia pacha wake, na yeye mwenyewe hana hakika ya litakalotokea kwa yeyote kati yao. "Ndugu zangu, hii si kesi ya mpaka."

"Nyie Wachaga kesi mnaimaliza kwa kununua," akasema Baba mkubwa. "Sisi tunasikiliza."

Mwishowe waliamua mgonjwa mwenyewe aulizwe. Nakijwa ndiye aliyemweleza. Alimweleza yote, wa kwanza, wa pili, bakuli la uji na pumzi iliyosimamishwa. Semvua alimsikiliza akiwa kitandani, bandeji kichwani walipotoboa kuchukua kipande cha uvimbe.

"Na wote uliwaambia wao ndio mimi," akasema.

"Niliambiwa niwaambie."

"Sikulaumu." Lakini alikuwa ameuondoa mkono wake kwenye mkono wa mkewe. "Mimi ni mgawa maji, Mama Namkunda. Sijawahi kumnyima mtu zamu yake bila kumsikiliza. Huyu nitamnyimaje? Leteni nimsikie."

*

Walikaa kwenye chumba cha mikutano asubuhi, Semvua kwenye kiti cha magurudumu, ukoo umemzunguka, spika katikati ya meza. Daktari Aikande alisimama karibu na mtambo. Alimwongezea pacha dawa ya kumpa nguvu ya kusema, akaurudisha muda kwenye mwendo wa kawaida, na mkoromo uliokatwa ukamalizika mbele ya watu wote. Wanawake wawili wakatoka nje.

"Shahidi," akasema Baba mkubwa Sengondo, sauti ya mahakamani, "taja jina lako."

"Nani huyo? Baba mkubwa? Umekuja lini?" Sauti ilikuwa ya Semvua, nzito upande mmoja. "Mbona siwaoni? Taa imezimika?"

"Taja jina."

"Mimi Semvua, mwanao. Mbona unaniuliza jina?"

Semvua wa kwenye kiti akaisogelea spika. "Mimi pia ni Semvua," akasema.

Kisha spika ikauliza taratibu, "Mgawa maji?"

"Mgawa maji."

"Una mtoto?"

"Namkunda. Anatafuna kucha."

"Anatafuna kucha," ikarudia spika. Akili ya Semvua ilikuwa nyepesi siku zote, hata ikiwa inakufa. "Nimesoma habari za mapacha wa Hedaru. Kumbe nami ni mmoja wao. Mama Namkunda yupo hapo?"

Baba mkubwa akajibu kwamba yupo.

"Uliniambia ni mimi. Ulinishika mkono ukaniambia, ni wewe, Baba Namkunda. Masika mawili unaniambia."

"Nisamehe," akasema Nakijwa. "Nisamehe, baba."

"Shahidi ajibu linalohusu kesi," akasema Baba mkubwa, ingawa sauti yake nayo ilikuwa imeanza kulegea. "Matibabu haya, mwenzako akubali au akatae?"

"Akatae. Aende nyumbani leo. Atapata miezi michache, lakini ni yeye atakayeipata. Hii niliyopata mimi aliiishi mtu mwingine, mtu mbaya, na mke wangu alikaa na huyo mtu."

"Mimi nataka kuishi," akasema Semvua wa kwenye kiti. Alikuwa analia waziwazi. "Namkunda hajamaliza hata shule ya msingi. Hata mwaka mbaya ni mwaka."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Maneno hayohayo." Spika ikakoroma kidogo. "Nikuulize kitu, ndugu yangu. Nani amekuambia wewe ndiye?"

"Ndiye nani?"

"Semvua mwenyewe. Nani amekuambia wewe si wa nne?"

Semvua akafungua mdomo. Akamtazama Nakijwa. Kila mtu chumbani akamtazama Nakijwa.

"Mke wangu," akasema.

"Basi ndiye huyohuyo aliyeniambia mimi."

Daktari Aikande akanyoosha mkono kuzima, Baba mkubwa akamzuia kwa mazoea akisema shahidi hajamaliza, na wakati wanabishana sauti kwenye spika ikaanza kuomba. Haikuomba kuishi. Iliomba wamwachie amalize pumzi yake, wasimsimamishe tena. Nakijwa ndiye aliyetoa ruhusa. Hakuvaa kofia safari hii, hakuwa na mkono wa kushika, kwa hiyo aliishika ile spika kwa mikono miwili mpaka ikanyamaza.

Baba mkubwa Sengondo alivua miwani yake. Kila mmoja alimsubiri atoe hukumu. Mzee aliyewahi kuwachosha mahakimu wa wilaya nzima alitazama huku na huku, akasema kesi imeahirishwa, akatoka nje kukaa kwenye vumbi.

*

Kesi haikurudi tena. Semvua alichagua mwenyewe. Alikataza mapacha wengine, na akachagua kutibiwa kwa njia ya yule wa tatu, hatua kwa hatua, kwa kuwa ndiyo iliyokwenda mbali. Hakuna aliyemlaumu. Mtu aliye hai akitaka kuishi utamwambia nini?

Upasuaji ukaenda vizuri. Mionzi ikamchosha, nywele zikanyonyoka upande mmoja, vidonge vikamtapisha, kofia ya umeme ikamwasha kichwa. Waliporudi Mamba alitembea kwa fimbo mpaka kwenye ndiva, akatoa zamu za maji, akagombana na mtu wa kijiji cha Miamba juu ya lango la maji, na Nakijwa akaanza kuthubutu kupanga mambo. Alinunua hata mbegu.

Kisha vipimo vikaonyesha uvimbe umerudi, upande wa sikio, ndani kabisa. Daktari Aikande alipanda mlima mwenyewe kuja kuwaambia.

"Sehemu hiyo ya ubongo ndiyo inayomwambia mtu kwamba jambo hili ni jipya au limeshatokea," alimweleza Nakijwa uani. "Uvimbe ukiibonyeza, mtu huona kila kitu kama kilishatokea. Anaona kabisa kwamba aliwahi kuwa hapahapa, akisema hayahaya. Akisema hivyo usimbishie sana. Haisaidii."

Semvua hakusema hivyo mara moja. Alianza kuwatazama watu kwa makini, kama anayesikiliza hadithi anayoijua mwisho wake. Namkunda akiingia, aliijua salamu yake kabla hajaitoa. Mvua ikianza, alitikisa kichwa. Halafu asubuhi moja Nakijwa akimpa vidonge, akamwambia kwa upole mkubwa, "Usijichoshe, mama. Nimeshajua mimi ni wa nne, wa mashine."

Nakijwa alijaribu kila kitu. Alimwambia siri ya siku waliyokutana, akajibu kwamba pacha naye anaijua. Alimtoa nje ashike udongo, akasema udongo huu mashine imeuweka vizuri. Alimleta Baba mkubwa Sengondo aape kwa jina la marehemu mdogo wake, na mzee aliapa huku machozi yakimtoka. Semvua alimpa pole. Nakijwa akapiga magoti akamshika mikono yote miwili.

"Ni wewe, Baba Namkunda," akasema. "Wallahi ni wewe."

Akajisikia alivyosema. Ilikuwa sauti ileile, na maneno yaleyale, na hakuwa na mengine. Ukweli wote aliokuwa nao alikuwa ameshautumia kuwadanganya watu watatu.

"Ndivyo unavyotakiwa kusema," akajibu Semvua. "Sikasiriki. Nilikasirika zamani, sasa nimetulia. Ila nisikilize. Dawa sitakataa. Yule wa tatu alikata tamaa, mimi sitakata. Nitakwenda mpaka mwisho ili yule mwenyewe aone njia ilivyo, naye asipite huku. Unanielewa?"

Nakijwa akaiachia mikono yake, akamsogezea vidonge.

"Yupo wodini bado?"

Alimtazama mumewe, uso uliofura, jicho moja lililolegea, mtu wake pekee duniani. Akaona kwamba kumbishia ni kumnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho.

"Yupo," akasema.

"Anaendeleaje?"

"Hajambo."

"Ana hofu?"

"Kidogo."

"Mwambie asiogope. Mwambie mimi nipo mbele yake, na si kubaya kama wanavyosema." Alikuwa anadanganya, na alidanganya vizuri. "Tena usikae sana huku kwangu. Umekaa sana. Nenda kwa mumeo, mama. Anakuhitaji kuliko mimi."

"Ngoja kwanza umeze dawa."

"Nitameza mwenyewe. Nenda."

Hakukubali ashikwe mkono. Aligeukia ukutani kama mtu anayemwonea aibu mke wa mwenzake, akangoja. Nakijwa akainuka. Akaiweka bilauri ya maji pale ambapo mkono mzima ungeifikia, akafungua mlango, akaufunga kwa sauti ili asikie ameondoka. Akabaki amesimama nje, mgongo ukutani, akimsikiliza mumewe akihangaika peke yake na bilauri.